Kafubu ni ya nani? Historia ya mikono inayosafisha mito ya Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi ulipata jina lake kutoka kwenye mto. Wabelgiji walipouanzisha mwaka 1910 waliuita Élisabethville, lakini mto Lubumbashi ulikuwa ukipita hapo tangu zamani ukielekea kusini kuingia Kafubu. Kafubu huingia Luapula, Luapula huingia ziwa Mweru, na kutoka huko maji hushuka kwa Luvua na Lualaba hadi mto Kongo wenyewe. Kasungami, mtaa wa komini ya Annexe kusini mwa mji, uko upande ambao maji ya mji huteremkia. Kinachotupwa juu hufika huku, na ndiyo sababu historia ya kusafisha mito inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama kutoka Kasungami kuliko ukiitazama kutoka katikati ya mji.

Kabla ya mji, bonde la Kafubu lilikuwa nchi ya Balamba, chini ya machifu kama Kaponda. Watu wa Katanga walichimba na kuyeyusha shaba vizazi vingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Walifanya hivyo kwa msimu, kwa tanuru ndogo za udongo, na mto ulipata nafasi ya kupumua.

Mambo yaligeuka mwaka 1911. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwasha tanuru zake kando ya mto Lubumbashi na kuanza kuyeyusha mawe ya mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Masalia ya tanuru yalirundikwa ukingoni, mwaka hadi mwaka, mpaka yakawa mlima mweusi ambao leo ni alama ya mji pamoja na bomba refu la moshi. Mwaka 1924 ulifunguliwa mgodi wa Kipushi, na mto wa Kipushi nao ni wa bonde la Kafubu. Hivyo Kafubu ilipokea mizigo miwili: wa Kipushi kutoka magharibi na wa Lubumbashi kutoka kaskazini.

Nani alitunza mito wakati huo? Serikali ya kikoloni iliogopa malaria, ikachimba mifereji na kutenga mtaa wa wazungu na mtaa wa Waafrika. Kazi ya jembe ilifanywa na Waafrika, na mara nyingi si kwa kupenda kwao. Huko vijijini, dekri ya mwaka 1933 ilimpa mtawala haki ya kudai siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na wakati wa vita kuu ya pili siku hizo ziliongezwa hadi 120. Kazi ya pamoja ikashikana na woga. Mtu alilima kwa sababu ya polisi, na polisi alipogeuza mgongo, jembe liliwekwa chini.

Baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mobutu alileta salongo. Watu wa kila mtaa walitakiwa kutoka na majembe, mafagio na panga, kufyeka nyasi, kuzibua mifereji na kuokota uchafu. Wazee wengi bado wanaikumbuka kwa moyo wa namna mbili. Upande mmoja, mifereji ilikuwa wazi, na mvua ya kwanza ya Novemba haikuingia nyumbani. Upande wa pili, ilikuwa amri ya chama cha Mobutu na ya chifu wa mtaa, na aliyekosa kuja alitafutwa. Utawala ulipodhoofika, salongo nayo ikadhoofika. Miaka ya 1990 mji ulikuwa umejaa takataka kiasi kwamba uongozi wa Lubumbashi ulianzisha kampeni iliyoitwa Bulaya 2000, ili mji upendeze ufanane na Ulaya. Hiyo pia ilitoka juu kushuka chini.

Wakati huohuo, kitu kingine kilikuwa kinatokea kwenye vijito. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliporomoka. Kati ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Familia zilizokuwa zikiishi kwa mshahara na mgao wa unga ziligeukia ardhi. Pori la miombo kuzunguka mji likakatwa kwa ajili ya makala. Udongo wa vichuguu ukafinyangwa matofali na kuchomwa kwa kuni. Kandokando ya maji, akina mama wakafungua matuta ya lengalenga, kabichi na nyanya, maana huko ndiko kunakopatikana maji wakati wa kiangazi. Hakuna haki ya kuwalaumu: ndio waliolisha mji. Lakini ukingo usio na mti hauzuii kitu. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unashuka wote mtoni, maji yanapoteza kina, na mafuriko yanapanda mpaka kwenye lupango za watu.

Halafu kuna uchafu usioonekana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kiasi cha kobalti kilicho kati ya vikubwa zaidi kuwahi kuripotiwa kwa watu wasiofanya kazi kiwandani. Njia mojawapo ni mboga, nyingine ni vumbi, nyingine ni maji.

Hapa ndipo sura nzuri zaidi ya historia hii inapoanza, na ilianzia mtaa wa Penga Penga, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa tanuru. Kwa miaka mingi moshi huo ulidondosha shaba na madini mengine juu ya udongo mpaka miti ikafa. Pale penye shaba nyingi, ncha za mizizi huungua kabla hazijashika, na mche hufa ukiwa bado mchanga. Udongo ukibaki uchi, kila mvua huuosha na kuupeleka mtoni. Katikati ya miaka ya 2000, wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa ushirikiano na Wabelgiji, walijaribu njia rahisi. Walichimba mashimo, wakajaza udongo safi uliochanganywa na mbolea ya mboji na chokaa, wakapanda miti. Kwenye sehemu nyingine walipandikiza mashina madogo ya nyasi iitwayo Microchloa kunthii, ambayo kwa asili huota juu ya vilima vya shaba. Chokaa hupunguza ukali wa asidi, madini yanashikana na udongo, na mizizi inashikilia vumbi na tope pamoja. Huko Kipushi, miti iliyopandwa mwaka 2005 juu ya mabaki ya mgodi ilikuwa bado imesimama miaka 15 baadaye, na chini yake mimea mingine ilikuwa imeanza kuota yenyewe.

Somo lake ni kubwa kwa kila anayetaka kujitolea. Mto husafishwa kwanza juu, kwenye mteremko na kwenye lupango. Kuokota chupa na mifuko ukingoni ni kazi ya heshima, hasa kwa kuwa dekri ya Desemba 2017 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki haijaizuia kufika mtoni. Lakini anayeokota bila kupanda ataokota tena mwezi ujao.

Afrika Mashariki imewahi kuonyesha njia. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 nchini Kenya akiwa na wanawake wa vijijini waliolalamika kwamba vijito vyao vinakauka na kuni ziko mbali. Hakuwapa amri. Aliwafundisha kuotesha miche, na kila mche uliokua ulilipiwa kidogo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na mwaka uliofuata nchi za Afrika ya Kati zilimteua balozi wa misitu ya bonde la Kongo, bonde ambalo Kafubu ni mkono wake mmoja. Kazi yake ilidumu kwa sababu aliyepanda alibaki na mti, na kivuli, na maji.

Hicho ndicho kilichokosekana kwetu. Siku 60 za mkoloni zilimnufaisha mkoloni. Salongo ilihesabiwa na chama. Mama anayelima mboga kando ya Kafubu hana karatasi yoyote ya kipande chake; akipanda mti leo, kesho mwingine anaweza kuuza kiwanja pamoja na mti wake. Kumwomba mtu ajitolee bila kumhakikishia ukingo wake ni kumpa jembe bila mpini.

Na kuna mpaka ambao hiari haiwezi kuuvuka. Novemba 2025 maji yenye asidi yalimwagika kutoka kiwanda kimoja cha madini mjini Lubumbashi yakaingia mitaani, na serikali ikasimamisha kazi za kampuni hiyo. Hakuna kikundi cha vijana wenye ndoo kinachoweza kuokota asidi. Sheria zipo: ya mazingira ya mwaka 2011, ya maji ya mwaka 2015 na ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama na wajibu wa kuyalinda. Kazi ya kwanza ya kiwanda ni kuzuia maji yake, na kazi ya serikali ni kupima na kutangaza matokeo kwa wote, bila kungoja samaki wafe.

Kwa hiyo, ndugu wa Kasungami na wa mitaa yote inayomwaga maji Kafubu, tusingoje polisi wala chama. Kabla ya mvua ya Novemba, tuzibue mfereji ulio mbele ya lupango, tuache ukanda wa nyasi na miti kati ya tuta na maji, tuchome makala kidogo na kupanda zaidi. Na tukiona maji yamebadilika rangi, tuandike siku na mahali, tupeleke kwa chifu wa mtaa, kwa komini na kwa redio, wote kwa pamoja. Kafubu ni ya wanaoinywa. Wao ndio wenye haki ya kuidai, na ndio wa kwanza kupaswa kuitunza.