Okidi haitaki udongo

Mamangu alipokuwa eda, dada yangu alimletea okidi kwenye chungu. Alifikiri vizuri: asumini na vikuba mama asingeweza kuvaa, lakini ua lile jeupe halina harufu wala halimpambi mtu, linakaa tu dirishani. Lilidumu zaidi ya miezi miwili. Maua yalipopukutika, mimi mjuaji nikaihamishia kwenye ndoo ya udongo wenye samadi na kuimwagilia maji ya kisima kila jioni. Kabla eda haijaisha, ilikuwa imeoza. Mama hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Okidi hizi za majani mapana zinazouzwa kwenye vitalu ni Phalaenopsis, asili yake misitu ya Asia, ambako huota juu ya miti. Mizizi yake imezoea upepo. Ukiizika udongoni inakosa hewa. Ipande kwenye makumbi yaliyokatwakatwa yakachanganywa na vipande vya makaa, na chungu kiwe na matundu. Makumbi yenyewe yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza, maana yana chumvi.

Na chumvi ndiyo shida yetu hasa watu wa mwambao. Visima vingi vya hapa Mombasa maji yake ni ya chumvi, na chumvi huunguza mizizi. Kinga maji ya mvua. Usihesabu siku za kumwagilia, tazama mizizi: ikiwa kijani bado ina maji, ikigeuka rangi ya fedha ina kiu. Mwagilia asubuhi, na maji yasituame katikati ya majani, ndipo uozo unapoanzia. Jua la asubuhi latosha. La saa saba linababua.

Sasa liko linaloniudhi. Pwani tuna okidi yetu wenyewe, Ansellia africana, ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui. Huota juu mitini, na baadhi ya mizizi yake husimama wima kama sindano, ikidaka majani makavu yanayooza yakawa chakula chake. Nimeiona ikiuzwa kando ya barabara, imebanduliwa na gome lake. Nilimuuliza kijana ameitoa wapi. "Msituni, si ya mtu," akanijibu.

Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haioti porini bila kuvu maalumu kuilisha, na mche huchukua miaka mpaka utoe ua. Ndiyo maana biashara ya okidi za mwituni kuvuka mipaka inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mimi siinunui ile ya barabarani hata kwa bei ya mchicha. Nenda kwenye kitalu, uliza kama imeoteshwa hapohapo.

Mama sasa ana nyingine, ya kitalu, imening'inizwa barazani. Mwezi huu imechomoza kikonyo kipya. Anaimwagilia mwenyewe, mimi nimepigwa marufuku kuigusa.