Nyumba za Kale za Mjini: Zibomolewe au Ziachwe?

Katika mazungumzo haya twataka kusema habari ya shauri moja ambalo limeleta maneno mengi katika miji ya pwani, nalo ni hili: nyumba za kale zilizo katikati ya mji zibomolewe ili pajengwe ghorofa mpya, au ziachwe zisimame? Huenda msikilizaji aliyeketi Dutwa au Nkololo akasema, "Shauri hilo lanihusu nini mimi, mtu wa pamba na ng'ombe?" Twamwomba awe na subira kidogo. Tangu Mkoa wa Simiyu ulipokatwa katika ule wa Shinyanga mwaka 2012, na Bariadi ikafanywa makao yake makuu, kiwanja kilicho kando ya barabara kuu kimeanza kuwa na thamani kupita nyumba iliyosimama juu yake. Na hapo ndipo shauri hili huanzia katika kila mji.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba wazee wetu wa Usukuma hawakuwa watu wa kuhifadhi nyumba. Msonge wa miti na majani haukukusudiwa kudumu karne nzima. Mchwa na mvua vilijua kazi yao. Hata mtemi, ambaye makao yake yaliitwa ikulu (na neno hilo, ambalo leo hutajwa kila siku katika habari za Serikali, lilitoka kwetu Wasukuma na Wanyamwezi likaenda pwani, si kinyume chake), mara nyingi alipotawazwa alijenga ikulu mpya mahali pengine, na ile ya mtangulizi wake ikarudi kuwa pori. Kilichohifadhiwa kilikuwa ngoma za utemi, makaburi, na majina. Tena mwaka 1974, ilipofanywa operesheni ya vijiji, watu wengi wa sehemu hizi waliacha maboma yao na kuhamia mahali walipoonyeshwa, na nyumba nyingi zilivunjwa ili wenyewe wasirudi. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba habari ya kubomoa ni ngeni kwetu. Wako wazee wanaoweza kuonyesha kwa kidole mkwaju uliokuwa uani kwa baba zao, nao sasa umesimama peke yake katika shamba.

Sasa twende Dar es Salaam. Mji ule si wa kale sana kama wengi wanavyodhani. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, kisha katika miaka ya 1860 Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, alianza kujenga mji wake kando ya bandari ile tulivu. Alifariki mwaka 1870 kazi haijaisha, na aliyemfuata hakuipenda, hata nyumba nyingi zikaachwa zikianguka. Mojawapo iliyosalia ni Boma la Kale, lililojengwa yapata mwaka 1867 karibu na maji. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimechukuliwa na boriti za mikoko. Atazamaye ataona kwamba vyumba vya nyumba za namna hii ni virefu na vyembamba. Sababu yake si ubahili wa mwenye nyumba: boriti ya mkoko ina urefu wake, na chumba hakiwezi kuwa kipana kupita boriti. Basi mti uliokatwa katika maji ya Rufiji ndio uliomwamuru fundi, na fundi akamwamuru Sultani.

Wadachi walipohamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walijenga ofisi, makanisa, hospitali na jumba kubwa la gavana wao. Jumba lile lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwishoni mwa mwaka 1914, likaharibika vibaya sana. Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi wangeweza kuliondoa kabisa. Walakini walilijenga upya mwaka 1922 mahali pale pale, nalo ndilo lililokuwa nyumba ya gavana wao, na baada ya Uhuru mwaka 1961 likawa Ikulu yetu. Lakini sanamu ya Wissmann, mtu wa vita wa Wadachi, hawakuiacha. Waliing'oa, na mwaka 1927 wakasimamisha sanamu ya askari, ambayo ingalipo katikati ya njia mpaka leo. Yule Wissmann wa shaba alipelekwa hata Hamburg, akasimamishwa penye chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi walimwangusha huko pia. Twaitaja habari hii kwa kuwa yaonyesha jambo moja: kila atawalaye huchagua la kubakiza na la kuondoa, na mara nyingi nyumba hupata msamaha ambao sanamu haiupati, kwa kuwa nyumba yaweza kukaliwa.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, si wa majumba ya Serikali. Ni wa nyumba za maduka, zile za ghorofa moja au mbili zilizojengwa na Wahindi kati ya vita viwili vikuu, duka chini na jamaa juu, zenye roshani, na katika nyingi mwaka wa kujengwa na jina la mwenyewe vikifinyangwa kwa saruji juu ya mlango. Nyumba za namna hii zilijaa Dar es Salaam, na ndugu zake wadogo, wa bati na baraza, walifuata njia ya pamba mpaka huku kwetu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1971 ilitolewa sheria ya kutwaa majumba. Nyumba iliyopangishwa, yenye thamani ya kupita shilingi 100,000, ilikuwa mali ya Serikali, na iliyokwisha kupita miaka 10 tangu kujengwa haikulipiwa fidia. Akawekwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi yake ikatiwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hakika sheria ile iliwapatia wengi mahali pa kukaa katikati ya mji kwa kodi ndogo, nasi hatuwezi kuidharau faida hiyo. Walakini kodi ndogo haikutosha kuezeka upya wala kupaka chokaa. Mwenye nyumba wa zamani hakuwa na haki ya kutengeneza, mpangaji hakuwa na sababu ya kutengeneza kisicho chake, na mlinzi mpya hakuwa na fedha. Hivyo nyumba zilizeeka kwa haraka kuliko umri wao. Biashara ilipofunguliwa tena, na thamani ya viwanja ikapanda, Shirika liliona ni afadhali kushirikiana na wenye mitaji, nyumba ya ghorofa mbili iondoke, isimame ya ghorofa kumi na zaidi.

Wasemao kwamba zibomolewe wana hoja, nasi hatutaki kuwacheka. Mji unaongezeka watu. Mahali palipokaa jamaa nne, sasa watakaa arobaini. Mabomba yameoza, nyaya za umeme ni za hatari, na mtu aumwaye miguu hawezi kupanda ngazi ile nyembamba. Tena wako wasemao, na neno hili lauma: nyumba hizi zilijengwa wakati wa ubaguzi, wakati Mwafrika alipotengewa Kariakoo na Ilala, kwa nini tuzitunze kwa jasho letu?

Wapingao hujibu kwamba jasho lilikuwa letu tangu mwanzo. Nani aliyechanganya ile chokaa? Nani aliyebeba mawe? Mikono ya mafundi na vibarua wa nchi hii imo ndani ya kuta zile, na hawakuachiwa ukumbusho mwingine. Hoja hii twaikubali kuliko ile inayosikiwa mara nyingi zaidi, kwamba zihifadhiwe kwa ajili ya watalii. Mtalii akikosa nyumba atakwenda kutazama simba.

Na sheria je? Iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Lakini atakayeisoma atastaajabu. Jengo linalolindwa moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa mbao ulionakshiwa hulindwa ukiwa umechongwa kabla ya mwaka 1940. Basi yawezekana mlango ukawa chini ya ulinzi, na nyumba ambamo mlango umetiwa isiwe chini ya ulinzi wowote. Tena angalia mwaka wenyewe: Boma la Kale lilijengwa baada ya 1863, na karibu mji wote wa Dar es Salaam pia. Majengo kama hayo hayana kinga mpaka waziri ayatangaze kwa jina, na yako kadha wa kadha yaliyotangazwa katika miaka ya 1990. Lakini kitangazwacho kwa kalamu chaweza pia kufutwa kwa kalamu. Kwa nyumba za bara hali ni mbaya zaidi. Twadhani hakuna duka hata moja katika Bariadi lililosimama mwaka 1863.

Unguja walichukua njia mbili, na zote mbili zina mafunzo. Ng'ambo, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za udongo na makuti zilivunjwa yakajengwa majumba marefu ya Michenzani, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Watu walipata maji na umeme, wakapoteza baraza mbele ya mlango, mahali ambapo jirani alipitisha jioni yake. Mji Mkongwe haukuvunjwa. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili walikufa. Kukataza kubomoa hakutoshi, basi. Nyumba ya chokaa hunywa maji kama sifongo, na ikizibwa kwa plasta ya saruji, kama mafundi wengi wa siku hizi wafanyavyo, unyevu hubaki ndani ukaila taratibu.

Lakini asidhani mtu kwamba upya ni usalama. Tarehe 29 Machi 2013, ghorofa iliyokuwa ikijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, ilianguka ikaua watu 36. Na tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa nyingine iliporomoka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa katika shughuli zao za biashara.

Turudi kwetu. Hatuna jumba la Sultani. Tunayo maghala ya pamba, vinu vya kuchambulia, na maduka ya bati yaliyobonyea ambamo baba zetu walinunua shuka, chumvi na jembe, wakadhulumiwa mizani, na baadaye wakaanza kusema juu ya vyama vya ushirika ili wauze pamba yao wenyewe. Si maduka mazuri. Hatusemi yaachwe yote. Mengine hayafai hata kwa mbuzi, na mwenye kiwanja ana watoto wa kusomesha. Twasema tu kwamba hapana mji unaoharibika kwa kuacha majengo mawili au matatu na kuyatia kazi mpya, moja likawa maktaba, jingine soko la mbegu.

Na yale yasiyoweza kuachwa, kabla ya kuchorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, wanafunzi wa shule zetu wangeweza kuyapima kwa utepe, kuyapiga picha mbele na nyuma, na kumtafuta mzee mmoja awaambie nani alikaa hapa, aliuza nini, mizani ilikuwa upande gani. Kazi hiyo ni ya Jumamosi mbili. Gharama yake ni daftari na kalamu, na nauli ya mzee kutoka kijijini kwake, pamoja na chai yake.