Konstebo Msimulizi: Walinzi wa Wakubwa na Wasomaji wa Murogi wa Kagogo

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Murogi wa Kagogo, ilianza kutoka kwa Kigikuyu mwaka 2004, na tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe ikafuata mwaka 2006 ikiwa na kurasa zaidi ya 700. Kuna wasomaji walioicheka hadi ukurasa wa mwisho, na kuna walioiweka kando kabla ya kufika katikati, wakilalamika kwamba kisa kinazunguka pasipo kufika. John Updike, alipoihakiki katika jarida la The New Yorker mwaka huohuo wa 2006, aliiona ndefu kupita kiasi na yenye ghadhabu nyingi kuliko uchambuzi. Lalamiko hilo lina uzito, lakini linampima mwandishi bila kumwangalia msimulizi. Sehemu muhimu za kisa tunazipata kwa askari, mtu ambaye kazi yake humweka mlangoni pa mkubwa lakini haimkaribishi ndani. Mtu wa mlangoni husikia vipandevipande, hukisia, hurudia na kuongeza. Hoja yangu ni kwamba mzunguko wa riwaya hii ni mzunguko wa habari za mlinzi, na anayetaka kuunyoosha anataka kumnyamazisha mlinzi.

Askari huyo ni konstebo Arigaigai Gathere, maarufu kama A.G. Anawakimbiza waombaji wawili usiku, anatishwa na asichokielewa, na tangu hapo anageuka kuwa shahidi wa miujiza ya mchawi anayetajwa katika jina la riwaya. Akisimulia barazani na baani, huapa kwa jina la Mungu, na wasikilizaji humnunulia kinywaji ili asikatishe. Kila anapopandishwa cheo anakaribia zaidi mamlaka, ila hakaribii ukweli. Ndiyo maana riwaya yenyewe inafunguliwa kwa nadharia tano kuhusu maradhi ya Mtawala wa nchi ya kubuniwa ya kisa hiki, zote zikitoka midomoni mwa watu, bila hata moja kupewa muhuri. Walio juu yake hawana nafuu. Waziri Machokali alikwenda Ulaya kuongezwa ukubwa wa macho ili awaone maadui wa Mtawala popote walipo, na mwenzake Sikiokuu akaongezwa masikio ili awasikie. Mawaziri hawa wamejifanya walinzi kwa viungo vyao wenyewe: mmoja jicho, mwingine sikio. Hapa kichekesho kinafanya uchambuzi ambao Updike aliukosa. Kinatuonyesha serikali ambayo kazi zake zote, za elimu na barabara na afya, zimemezwa na kazi moja ya kuulinda mwili wa mtu mmoja, na hata hivyo mwili huo unazidi kuvimba.

Kuna pingamizi zito kuliko la urefu, nalo lina nguvu zaidi likitazamwa kutoka kaunti ya Bomet nchini Kenya. Je, ni haki kumcheka mlinzi? Tarehe 10 Juni 2008, mkesha wa uchaguzi mdogo wa Ainamoi, ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Kericho ilianguka eneo la Narok. Ilimuua Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na waziri wa barabara, pamoja na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Rubani alikufa, na afisa wa usalama aliyeandamana nao akafa pia. Miaka minne baadaye, tarehe ileile, helikopta ya polisi ilianguka Ngong ikiwa na waziri wa usalama wa ndani George Saitoti na waziri msaidizi wake Orwa Ojode. Walinzi wawili walikuwa ndani. Wakubwa hukumbukwa kwa majina, walinzi kwa idadi. Mtu aliyezika ndugu wa namna hiyo ana sababu ya kuuona mzaha kuwa mchungu. Lakini A.G. hachekwi kwa kuwa maisha yake ni rahisi kupotea. Anachekwa kwa imani yake kwamba ukaribu na mkubwa ni ukubwa, na juu ya hayo Ngũgĩ anampa kitu ambacho taarifa za ajali hazimpi mlinzi: jina, sauti na kurasa nyingi za kusema. Katika kampeni za 2017 gavana wa Bomet Isaac Ruto, mtu mwenye walinzi wake, aliumizwa usoni na kopo la gesi ya kutoa machozi pale Silibwet. Msomaji anayekumbuka hayo hahitaji kufafanuliwa kwa nini ulinzi wa kiserikali ni mada ya kisa cha kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja.

Msomaji huyohuyo hatadhani pia kwamba hofu ya dola kwa mchawi ni njozi tupu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa waonaji wa Wakipsigis, na kuwapeleka Gwassi kando ya Ziwa Viktoria. Wazee wa ukoo huo bado hutafutwa na wanasiasa wanaotaka baraka.

Wengine husema kwamba katika riwaya hii fasihi simulizi imegeuzwa kisingizio cha kazi isiyohaririwa. Ningekubali kwa baadhi ya sura: misururu ya watu inarudiwa zaidi ya inavyohitajika, na safari ya Marekani inalegea. Lakini usimulizi wa Ngũgĩ una historia ya wasomaji halisi. Riwaya yake Caitaani Mutharabaini, aliyoiandika gerezani Kamiti mwaka 1978, ilipotoka 1980 ilisomwa kwa sauti majumbani na baani. Kabla ya hapo msomaji wake wa kwanza alikuwa mkuu wa gereza, aliyeunyakua mswada kisha akaurudisha akisema hakuona ubaya, ila Kigikuyu chake ni kigumu. Riwaya yake Matigari ilipotoka 1986, watu walimzungumzia mhusika mkuu kana kwamba anatembea nchini akiuliza ukweli na haki viko wapi. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, amri ilitolewa mtu huyo akamatwe. Ilipobainika kuwa ni wa kubuniwa, polisi walikwenda madukani mwaka 1987 wakakamata vitabu. Walinzi wa dola walikuwa tayari miongoni mwa wasomaji wake, na waliifuata habari kutoka mdomo hadi mdomo, jinsi A.G. anavyofanya miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo hukumu ya urefu isitolewe na msomaji wa kimyakimya peke yake. Walimu wa fasihi wa Bomet na Kericho waijaribu kwa sauti, sura moja moja, hata penye kituo cha majani chai wakulima wakingoja lori la kiwanda, na wamwachie konstebo nafasi ya kurudia.