Kodi ya Nyumba na Hofu ya Mwenye Nyumba: California kabla ya Kura ya Mwaka 1978

Neno "kodi" katika Kiswahili hubeba maana mbili. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na raia naye huilipa Serikali kodi. Ziko lugha zilizoyatenga mambo haya mawili kwa maneno mbali mbali, lakini Kiswahili kimeyaacha chini ya jina moja, wala si bure. Mtu aliyekwisha kulimaliza deni la nyumba yake, kisha akaona kila mwaka anadaiwa fedha ambazo asipozilipa nyumba hiyo yaweza kuuzwa, huanza kujiuliza kama yeye ni mwenye nyumba kweli au ni mpangaji wa Serikali. Swali hilo lilitanda katika jimbo la California, Marekani, hata likaamuliwa kwa kura tarehe 6 Juni 1978. Habari za kura hiyo zastahili kuchunguzwa, kwa kuwa matokeo yake hayakufuata nia ya wengi walioipiga.

Kwanza yafaa ieleweke jinsi kodi yenyewe ilivyokuwa ikitozwa. Kodi ya nyumba na ardhi haikuwa hasa mali ya Serikali ya jimbo, bali ilikuwa tegemeo la Serikali za mitaa: kaunti, miji, na wilaya za shule. Kazi ya kuitoza iligawanywa mikono miwili. Mthamini wa kaunti, ambaye kwa kawaida huchaguliwa na wananchi, alikadiria thamani ya kila nyumba na kiwanja. Kisha mabaraza ya mahali yalipanga kiwango kitakachotozwa juu ya thamani hiyo. Kwa hiyo bei za nyumba zilipopanda, na baraza likaacha kiwango kama kilivyokuwa, mwenye nyumba alilipa zaidi ilhali hapana kiongozi hata mmoja aliyesimama hadharani kupiga kura ya kuongeza kodi. Mthamini alisema kwamba yeye hutaja bei ya sokoni tu. Baraza nalo lilisema kwamba halikupandisha kiwango. Mlipa kodi hakujua amlalamikie nani.

Zamani hali haikuwa ngumu hivyo, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Wathamini wengi walikuwa na desturi ya kuzikadiria nyumba za kuishi chini sana ya thamani yake, na kuyabebesha maduka na viwanda mzigo ulio mkubwa zaidi. Desturi hiyo haikuwa na msingi katika sheria, lakini iliwapendeza wapiga kura, na wapiga kura ndio waliomweka mthamini kazini. Ubaya wake ni kwamba ilifungua mlango wa rushwa. Katikati ya miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba baadhi ya makampuni yalikuwa yakipunguziwa thamani ya mali zao kwa malipo ya siri, na mthamini wa San Francisco, Russell Wolden, akahukumiwa kwa kosa hilo. Baraza la Kutunga Sheria la jimbo likaona vema kuikata mizizi ya uovu huo. Mwaka 1966 lilipitisha sheria iliyowalazimisha wathamini wote kufuata uwiano mmoja, yaani asilimia 25 ya bei ya sokoni, kwa mali ya kila namna.

Hapana shaka sheria hiyo ilikuwa ya haki, lakini haki hiyo ilimwondolea mwenye nyumba kinga aliyokuwa nayo. Nyumba zilizokuwa zikithaminiwa kwa huruma sasa zilithaminiwa kwa hesabu, na katika miji kadhaa mzigo ukahama kutoka kwenye biashara ukaangukia makazi. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, bei za nyumba zikaanza kupanda kwa kasi, hasa kusini mwa jimbo. Mzee aliyestaafu, anayeishi kwa pensheni isiyoongezeka, alitajirika katika daftari la mthamini tu. Mfukoni mwake hapakuingia kitu. Ili kuuona utajiri huo ilimlazimu kuiuza nyumba na kuhama mtaa aliouzoea.

Si kwamba onyo halikutolewa. Philip Watson, mthamini wa kaunti ya Los Angeles, aliwapelekea wananchi pendekezo la kuiwekea kodi hiyo mipaka mwaka 1968, na jingine mwaka 1972. Yote mawili yalikataliwa. Viongozi wakadhani kwamba wananchi hunung'unika lakini huvumilia. Wakati huo huo hazina ya jimbo ilikuwa ikifurika. Kodi ya mapato ilipangwa kwa ngazi zisizobadilika pamoja na bei za vitu, na kwa hiyo kila mshahara ulioongezwa ili kulingana na ugumu wa maisha ulimpandisha mfanyakazi kwenye ngazi ya kodi iliyo juu zaidi. Kufikia mwaka 1978 ziada ya jimbo ilikadiriwa kuwa dola bilioni 5 hivi. Gavana Edmund G. Brown Mdogo alisifika kwa ubanaji wa matumizi, lakini yeye na Baraza hawakuafikiana kwa wakati juu ya namna ya kuitumia ziada hiyo kuwapa nafuu wenye nyumba. Habari za akiba hiyo ziliwachoma watu kuliko kodi yenyewe, maana ni vigumu kumwomba subira mtu anayeona ghala limejaa.

Howard Jarvis, mfanyabiashara mstaafu wa Los Angeles aliyekuwa akiipinga kodi hiyo kwa miaka mingi, alishirikiana na Paul Gann wa upande wa Sacramento. Katiba ya California huwaruhusu raia kuleta badiliko la Katiba kwa kukusanya saini, na hao wawili walileta saini zaidi ya milioni 1.2, ambazo zilipita mbali idadi iliyotakiwa. Pendekezo lao likapewa namba 13. Lilisema kwamba kodi isizidi asilimia 1 ya thamani ya mali. Kwamba thamani irudishwe kama ilivyokuwa mwaka 1975, na isiongezwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali itakapouzwa. Na kwamba Baraza lisipandishe kodi ya jimbo bila ya theluthi mbili za kura. Brown alilipinga, na pamoja naye vyama vya walimu na viongozi wengi wa kazi na biashara. Baraza nalo liliharakisha kutoa pendekezo lake lililo pole zaidi, la namba 8, ili kuwanusuru wenye nyumba peke yao. Lakini lilichelewa. Majuma machache kabla ya kura, makadirio mapya ya Los Angeles yalitangazwa, na maelfu ya watu waliona kwamba thamani ya nyumba zao imeongezeka maradufu au zaidi. Namba 13 ilipita kwa takriban asilimia 65 ya kura. Namba 8 ikaanguka.

Mapato ya kodi hiyo yalipungua kwa zaidi ya nusu mara moja. Brown aligeuka haraka, akaitekeleza sheria aliyoipinga, na mwezi wa Novemba akachaguliwa tena. Katika mwaka huo huo Idaho iliweka mpaka kama huo, na Massachusetts ikafuata kwa namna yake mwaka 1980.

Hapa ndipo penye funzo la historia hii. Wengi waliopiga kura walikusudia kuifunga mikono Serikali, na hasa ile ya jimbo iliyokalia ziada. Lakini kodi waliyoikata ilikuwa ya Serikali za mitaa, na kwa kuwa shule na zimamoto haziwezi kufungwa, jimbo likatoa katika ziada yake fedha za kuziokoa. Mwaka 1979 sheria nyingine ikathibitisha kwamba Baraza lililoko Sacramento ndilo litakalogawa mapato ya kodi ya nyumba baina ya kaunti, miji na shule. Tangu hapo diwani aliyeweza kukabiliwa na jirani zake mkutanoni hakuwa tena na uwezo wa kupanga kiwango, na shule zikawa zikitazama zaidi bajeti ya jimbo. Mamlaka ikawa mbali zaidi na mlipa kodi kuliko ilivyokuwa kabla hajaasi.

Matokeo mengine yalikuwa ya jirani kwa jirani. Maadamu thamani hubadilishwa mali inapouzwa tu, nyumba mbili zilizofanana, zilizo mtaa mmoja, zaweza kutozwa kodi zinazopitana mara nyingi. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba tofauti hiyo haivunji Katiba ya nchi. Makampuni, ambayo yaweza kukaa na ardhi zao kwa vizazi bila ya kuziuza, yalifaidika pamoja na wazee waliotajwa sana wakati wa kampeni. Mwaka 2020 lililetwa pendekezo la kuziondolea nafuu hiyo mali kubwa za biashara, nalo likashindwa kwa kura chache.

Si haki, basi, kuwaita waasi wa mwaka 1978 wachoyo, kama walivyoitwa na baadhi ya wapinzani wao. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na viongozi waliokuwa na njia ya kuiondoa walikawia mpaka hasira ikajitungia sheria. Ila sheria iliyotungwa kwa hasira iliona nyumba tu, haikuona Serikali ya mtaa iliyosimama juu ya kodi ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba wa California aliacha kuogopa barua ya mthamini. Lakini shule ya mtaa wake, ambayo zamani aliigharimia kwa kodi yake na kuisemea katika baraza la karibu, sasa ilingoja maamuzi ya Sacramento.