Ualbino Kagera: ukuta ulitangulia, mafuta yakachelewa

Usiku wa Mei 30, 2024, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu, mwenye ualbino, alinyakuliwa nyumbani kwao Kamachumu, wilayani Muleba. Mwili wake ulipatikana Juni 17, ukiwa umeondolewa baadhi ya viungo. Watu 9 walifikishwa mahakamani mjini Bukoba. Nchi ililia, na ilistahili kulia. Kisha mazungumzo yakarudi palepale yalipokuwa mwaka 2008: ulinzi, waganga wapiga ramli, adhabu kali.

Mazungumzo hayo ni ya lazima. Lakini anayeifuatilia historia ya ualbino nchini atakuta kwamba waliouawa na jua ni wengi mno kuliko waliouawa kwa panga, na hao hawajawahi kuandamaniwa wala kuundiwa tume.

Ualbino hurithiwa. Baba na mama, mara nyingi wote weusi na wenye afya njema, hubeba hitilafu ya jeni moja bila kujijua. Kila ujauzito wao una nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto asiye na rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Ulaya na Marekani hali hii ni adimu, inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa zaidi ni mtu 1 kati ya 1,400, na sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 16,000. Ulaya huuita ugonjwa adimu pale unapompata mtu asiyezidi 1 kati ya 2,000; kwa kipimo hicho ualbino wetu usingeingia hata kwenye orodha. Kilicho adimu kwetu ni huduma yake.

Mwaka 1985 Dk. Jeff Luande na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 350 wenye ualbino waishio Dar es Salaam. Walichokiona kinatisha hadi leo: jua lilianza kuiharibu ngozi tangu uchanga, saratani iliwapata wakiwa vijana, na waliovuka miaka 30 walikuwa wachache. Mwaka 1992 kikafunguliwa kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi. Wataalamu wake hawakungoja wagonjwa waje, waliwafuata vijijini, na kufikia 1995 walikwishachapisha taarifa za watu 164 waliokuwa katika mpango huo kaskazini mwa nchi.

Kagera ilikuwa mbali na hayo yote. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Mkazi wa Muleba aliyeota kidonda kisichopona sikioni alipaswa kuvuka ziwa usiku kucha kwa meli hadi Mwanza, kisha apande treni au basi kwenda Pwani. Wengi walibaki nyumbani. Tena mkoa wenyewe hudanganya. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi nchini, mawingu hayaishi, na mtu hudhani jua halipo. Ila mji uko karibu sana na Ikweta, na mionzi inayounguza ngozi hupenya wingu jembamba. Aliye chini ya migomba ana kivuli kizuri. Mvuvi hana, kwa kuwa maji humrudishia mionzi usoni.

Mauaji yalipopamba moto Kanda ya Ziwa kuanzia 2006 na 2007, Serikali ilichagua kuwakusanya watoto. Mugeza Mseto, Bukoba, ikawa mojawapo ya shule zilizowapokea, sawa na Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi. Uamuzi huo uliokoa maisha, na walimu waliobeba mzigo ule wanastahili heshima. Lakini ukuta wa bweni huzuia panga tu. Hauzuii jua la saa sita mchana uwanjani, wala haumsaidii mtoto mwenye uoni hafifu anayesogeza daftari hadi puani ili asome.

Moshi ndiko lilikotoka jibu jingine. Ndani ya kituo kile, mfamasia Mhispania Mafalda Soto na wenzake walianza kutengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya ngozi zenye ualbino, na miongoni mwa watengenezaji wamo wenye ualbino wenyewe. Mafuta hugawiwa bure kliniki, pamoja na uchunguzi.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo mikubwa. Mhudumu humvua mtoto kofia, akamtazama nyuma ya masikio, mdomo wa chini, kisogo, shingo, migongo ya viganja. Hupapasa, maana vipele vya hatari vya mwanzo ni vikavu na hukwaruza kidole kabla ya kuonekana vizuri kwa macho. Vipele hivyo hugandishwa kwa nitrojeni ya baridi kali, kazi ya muda mfupi. Uvimbe mdogo hukatwa kwa ganzi. Ukiachwa ukakua, safari inakuwa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, na mara nyingi mgonjwa huwa amechelewa.

Desemba 2024 Serikali ilizindua mpango kazi wa taifa wa haki na ustawi wa watu wenye ualbino. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Karatasi zipo, basi. Halmashauri za Muleba na Bukoba ziingize mafuta haya katika maombi ya dawa ya kila zahanati, kama zinavyoomba dawa ya malaria, na zimpe kila mtoto mwenye ualbino tarehe ya kupimwa ngozi na macho.

Nawe mzazi, usingoje kidonda. Mvike mwanao kofia pana na mikono mirefu hata siku ya mawingu, na umpeleke akaguliwe ngozi kila baada ya miezi sita.