Mnyororo Hulalamika, Kardani Hunyamaza

Mwaka jana kikundi cha akina mama wa zoni yetu hapa Nakivale kilipewa pikipiki ya matairi matatu, ile ya kubebea mizigo. Ilikuja mpya, nyekundu, nailoni bado iko kwenye kiti. Mafundi wa Base Camp wakaacha kazi zao wakaja kuichungulia. Mmoja akalala chali kabisa kwenye vumbi, akaangalia kuanzia injini mpaka ekseli ya nyuma, akainuka akijipangusa: "Haina mnyororo. Ni kardani, kama gari. Hii haina kazi."

Alitaka kusema haitasumbua mtu kwa matengenezo. Neno lile likapendwa, likawa kama cheti. Miezi saba baadaye pikipiki ilikuwa inapanda kilima na magunia ya mahindi, ikalia mara moja kama mtu aliyekanyaga mwiba, ikasimama. Walipofungua difu ya nyuma, oili ilikuwa imekwisha. Sili ilikuwa inavuja kidogo kidogo, na hakuna aliyechungulia, kwa sababu haina kazi. Meno yamesagika, chuma kimegeuka rangi ya bluu kwa joto. Bei ya vipuri kutoka Mbarara ilizidi akiba yote ya kikundi. Wale mama wakarudi kubeba kichwani.

Tangu siku hiyo kuna kesi kwenye vibanda vya mafundi. Wengine wanasema kardani ni kitu cha tajiri, maskini akae na mnyororo wake. Wengine wanasema hapana, mnyororo ndio tuliowekewa kwa sababu sisi ni maskini, wenye pesa waliuacha zamani. Mimi si fundi. Nilikuwa mwalimu wa historia kule nyumbani Kivu, na niliposikia pande zote mbili zikisema "zamani", nikaona nami nina la kuchangia.

Kwanza neno. Sisi tuliotoka Congo na ndugu zetu Warundi tunasema kardani kwa sababu tulilipokea kupitia Kifaransa. Wenyeji wetu hapa, na Watanzania, watakwambia propela shafti. Kardani ni jina la mtu: Girolamo Cardano, Mwitalia wa karne ya 16, daktari, mwanahesabu, na mcheza kamari. Kiungo kile kinachozunguka huku kimekunjika ndicho kilichobeba jina lake.

Pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa, ya Hildebrand na Wolfmüller wa Munich, Ujerumani, mwaka 1894, haikuwa na mnyororo wala kardani. Vyuma virefu vilitoka kwenye pistoni moja kwa moja vikasukuma gurudumu la nyuma, kama gari moshi. Ilikuwa shida kuiwasha na shida kuituliza. Waliofuata wakatumia mkanda wa ngozi. Mkanda ni laini, hauna kelele, lakini ukilowa mvua unateleza, na dereva anashuka kusukuma. (Anayebisha aulize mwenye mashine ya kusaga ambaye mkanda wake umeloa.)

Mnyororo ulikuwepo tayari. Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, Uingereza, ndiye aliyeunda mwaka 1880 mnyororo wa aina tunayoijua mpaka leo: kila kiungo kina pini, juu ya pini kuna bushi, juu ya bushi kuna rola inayozunguka. Aliutengeneza kwa ajili ya mashine za viwandani, baiskeli zikaudaka, pikipiki zikaufuata. Ukikata mnyororo wa boda leo, utakuta wazo lile lile la 1880. Kuna vitu vichache sana mikononi mwetu vyenye umri huo ambavyo havikuhitaji kubadilishwa.

Sasa kardani. Hapa wengi watashangaa, maana wanadhani ni kitu kipya. Mwaka 1905 kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilianza kuuza pikipiki ya silinda nne iliyochorwa na mhandisi Paul Kelecom, na nguvu yake ilikwenda nyuma kwa kardani. Ndiyo, FN ile ile. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1889 kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki, na sisi wa Congo bunduki zake tunazijua bila kusoma kitabu. Silinda zile nne zilijipanga mstari mmoja kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo chuma cha kardani kiliendelea na mstari huo huo. Mashine ilikwenda kwa utulivu, haikurushia mtu mafuta kwenye suruali. Lakini ilikuwa ghali, na katika miaka ya 1920 FN wenyewe wakarudi kwenye mnyororo kwa pikipiki zao za kawaida.

Wakati Wabelgiji wanaiacha, Wajerumani wanaiokota. BMW walikuwa watengenezaji wa injini za ndege. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mkataba wa Versailles ukawafungia kazi hiyo, na mhandisi wao Max Friz akapewa kazi ya kuchora pikipiki. Mwaka 1923 ikatoka R32.

Hapa ndipo fumbo la mafundi wetu linapofunguka, basi twende polepole. Ndani ya kila injini kuna mhimili unaozungushwa na pistoni, krankshafti. Kwenye R32 mhimili huo umelala kwa urefu wa pikipiki, na silinda mbili zimetokeza kushoto na kulia kama mtu aliyenyoosha viwiko. Kardani ikitoka hapo inakwenda nyuma moja kwa moja, inakata kona mara moja tu, kwenye gurudumu. Lakini kwenye pikipiki ya boda krankshafti imelala kukingama, sambamba na ekseli ya gurudumu. Mnyororo hapo haukati kona hata moja. Ukilazimisha kardani kwenye injini ya namna hiyo, nguvu inakata kona mara mbili, na kila kona ni meno ya chuma yanayosuguana, yanayokula nguvu, yanayodai oili na kuongeza kilo. Injini kubwa haisikii maumivu hayo. Injini ya cc 100 yenye abiria wawili na debe la samaki inayasikia sana.

(Kichekesho: injini ya BMW ya namna ile huitwa boxer. Bajaj iliyojaa kwenye steji zetu inaitwa Boxer, na injini yake si boxer.)

Kwa hiyo mnyororo haukuwekwa kwenye boda kwa dharau. Uliwekwa kwa hesabu.

Vita Kuu ya Pili iliipandisha kardani cheo. Pikipiki za Wajerumani za kukokota kigari cha pembeni, BMW R75 na Zündapp KS750, zilikuwa na kardani, na zilifika kwenye majangwa ya Afrika Kaskazini. Mchanga unaua mnyororo ulio wazi. Meno ya kardani yamefungwa ndani ya kasha lake. Wamarekani wakaona, wakaiga. Mwaka 1942 Harley-Davidson wakatengeneza kama 1,000 za aina ya XA kwa jeshi, injini ya kulala na kardani kwa mfano wa Wajerumani. Wakati huo Jeep ilikuwa imeshachukua kazi nyingi za pikipiki, mpango ukaishia hapo.

Ukitaka ushahidi wa Afrika, kuna mbio za Paris–Dakar. Mbili za mwanzo, 1979 na 1980, alishinda Mfaransa Cyril Neveu kwa Yamaha XT500, ya mnyororo. Halafu BMW wakaja na R80 G/S ya kardani: Hubert Auriol akashinda 1981 na 1983, Mbelgiji Gaston Rahier akashinda 1984 na 1985. Watu wakasema kesi imekwisha. Haikwisha. Kuanzia 1986 Honda za mnyororo zikashinda miaka minne mfululizo, na BMW waliporudi kushinda mwaka 1999 na 2000, pikipiki yao ilikuwa na mnyororo! Wenye kardani wenyewe. Tena hao wote walikuwa na mafundi wanaowangoja jioni kwenye kambi. Kambi ya aina nyingine, bila shaka.

Kwangu mimi waliojibu swali letu hasa ni Wajapani, na hawakuligusa kwa kardani. Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilikuwa na mnyororo wa kawaida, lakini umefungiwa ndani ya kasha la bati pande zote. Vumbi haliingii, mafuta hayatoki. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Yamaha AG100, ambayo wazee wa mashirika na mabwana shamba wanaikumbuka kwa moshi wake, ilifanya vivyo hivyo, iliundwa kwa ajili ya watu wa mashamba. Hata Boxer nyingi zinakuja dukani na kasha hilo. Nenda sasa steji uhesabu ngapi bado zinalo. Tunalitoa wenyewe. Fundi anaona uvivu kulifungua kila mara, bati linapinda na kugongagonga, dereva anasema linaleta kelele, siku ya tatu liko kwenye rundo la chuma chakavu. Halafu tunapaka mnyororo oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, tunaingia kwenye marramu, vumbi linashika oili, na tunakuwa tumejitengenezea msasa unaozunguka. Baadaye tunalaumu Wahindi na Wachina.

Nimekaa na mafundi wa kutosha kuandika haya bila aibu. Mnyororo ulegee katikati yake kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Ukikazwa kama uzi wa gitaa unakula beringi. Upime sehemu kadhaa ukizungusha gurudumu, maana hauchakai sawasawa. Klipu ya kiungo cha kufungia, ule upande uliofumba utazame mbele, kule mnyororo unakoelekea. Na mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongoka kama ya papa ni pesa iliyotupwa: badilisha vyote vitatu, mnyororo, pinyo ya mbele na gurudumu la meno la nyuma. Uzuri wake ni kwamba unasema. Ukilegea unapiga bati, ukikauka unalia, ukikatika utaupatia kiungo hata kwenye kioski cha njiani. Kardani hainung'uniki. Inakaa kimya mpaka siku inapokufa, na ikifa inataka fundi wa gari. Oili yake nzito ya gia inatazamwa kwa kufungua nati na kuingiza kidole, basi. Dakika tano. Lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba nati ile ipo.

Ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma jarida hili pamoja nasi, hili ni lenu pia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Barry Coleman, mwandishi wa Kiingereza wa habari za mbio za pikipiki, alikwenda Somalia pamoja na mkimbiaji Mmarekani Randy Mamola kuangalia misaada ya afya waliyoichangia. Waliona pikipiki za wahudumu zimelala, zimekufa kabla ya umri wake, kwa kukosa vitu vidogo. Kutoka hapo Coleman na mkewe Andrea walianzisha Riders for Health, ambayo kazi yake, kuanzia Lesotho mpaka Gambia, haikuwa kugawa pikipiki tu bali kuzitunza: oili kwa tarehe, kipuri kabla hakijaharibika, dereva anayeikagua mwenyewe kila asubuhi. Wale mama wa zoni yetu walipewa ufunguo, wakapigwa picha. Kitabu cha maelekezo kilikuwa Kichina na Kiingereza. Hakuna aliyewaonyesha nati.

Na kuna deni jingine la mnyororo ambalo halilipwi kwa shilingi. Rafiki yangu mmoja wa steji alikuwa akisafisha mnyororo asubuhi. Pikipiki iko kwenye stendi ya kati, injini inawaka, gia namba moja, ili mnyororo ujizungushe wenyewe apitishe kitambaa. Wote wanafanya hivyo, inaokoa muda. Kitambaa kikavutwa kwenye meno, mkono ukafuata. Vidole viwili vya mkono wa kulia, na kazi ya kuendesha ikaisha, maana breki ya mbele ndiyo mkono huo.

Pikipiki ya akina mama imerudi barabarani. Walichanga miezi minne, na fundi aliyesema "haina kazi" alifanya kazi ya mikono bure. Hakuna aliyemuomba, alikuja tu na spana zake. Ufunguo wa kwanza sasa unashikwa na yule rafiki yangu wa vidole vitatu. Haendeshi. Kila Jumamosi anafungua nati ya difu, anaingiza kidole, anakitoa, anawaonyesha mama oili imefika wapi. Wakimaliza, vijana wa Boxer wanasogea na pikipiki zao, na jambo la kwanza analofanya kabla ya kugusa mnyororo ni kuchomoa ufunguo, kuutia mfukoni, na kuzungusha gurudumu kwa mkono.