Buluu, Samawati na Nili

Mwalimu mwenzangu, umewahi kumkata mwanafunzi alama kwa kuandika "buluu"? Mimi nimewahi, hapa Kakamega, nikidai kuwa neno sahihi ni "samawati" pekee. Nilikosea.

Vivumishi asilia vya rangi vinavyochukua viambishi ngeli ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huazima majina: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu. "Samawati" latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu, hivyo lafaa zaidi buluu ya anga. "Buluu" ni la Kiingereza, likatiwa irabu ili lifuate silabi zetu. "Nili", rangi ya kutilia nguo, asili yake ni Kisanskriti, likapitia Kiarabu.

Nawe mtahiniwa, ukimkuta mhusika wa zamani amevaa kaniki, usiseme samawati. Kaniki ni buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Zanzibar ilikuwa vazi la wajakazi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliiacha wakavaa kanga. Hapo rangi yaeleza hadhi ya mhusika.

Basi tusahihishe maana, tusiadhibu asili ya neno.